Kumfundisha Mtoto wa Shule ya Msingi Kuandika kwa Kushawishi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanawalenga walimu wa Kiswahili wa darasa la pili hadi la nne, pamoja na wazazi wanaokaa na watoto jioni wakati wa kazi za nyumbani. Mifano mingi ni ya shule za kawaida za serikali Tanzania Bara: ubao mmoja, madawati yaliyojaa, daftari za kurasa 48. Mwalimu wa Mombasa au wa Bujumbura ataweza kuitumia akibadilisha vyakula na majina ya madarasa.

Kuandika kwa kushawishi ni nini kwa mtoto wa miaka minane?

Ni kuandika ili mtu fulani akubali jambo ambalo pengine asingelikubali. Mtoto akiandika yaliyotokea Nane Nane, anasimulia. Akiandika habari za ng'ombe, anaeleza. Akimwandikia mama amruhusu kwenda kwa bibi likizo ya Desemba, hapo anashawishi. Hizi ni kazi tatu, lakini madarasani mwetu zote huitwa insha na kufundishwa kwa dawa moja ya mwanzo, kati na mwisho.

Katika maelezo hayo maneno mazito ni "mtu fulani". Barua ya kushawishi isiyo na mtu wa kushawishiwa ni zoezi la mwandiko tu. Karibu majibu yote yaliyo hapa chini yanarudi kwenye jambo hilo: sababu nzuri ni ile inayomgusa msomaji, na mtoto huanza na ile inayomgusa yeye mwenyewe.

Darasa la tatu si mapema mno?

Mtoto anaanza kushawishi kabla hajaota meno yote. Anajua baba ndiye wa kuombwa hela ya barafu na bibi ndiye wa kuombwa ruhusa ya kulala bila kuoga, na anajua kwamba hayo hayaombwi saa ambayo mtu mzima ana hasira. Hiyo ni elimu kubwa ya kumsoma mtu. Kinachobaki ni kuihamishia kwenye karatasi.

Marekani wanaanza mapema zaidi. Viwango vya Common Core vya mwaka 2010 vinamtaka mtoto wa chekechea atoe maoni yake kwa kuchora, kutamka mwalimu akiandika, na kuandika mwenyewe anapoweza. Darasa la kwanza anatakiwa aongeze sababu. Hoja kamili, yenye madai na ushahidi, inasubiri darasa la sita, na kuyatambua madai ya upande wa pili kunasubiri la saba. Huo mpangilio naukubali, hasa kwa jinsi wasivyokimbilia mambo makubwa.

Kwetu, darasa la kwanza na la pili mzigo mkuu ni KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtoto anayepigana na herufi "ng'" hana nafasi ya kufikiria moyo wa msomaji. Kwa hiyo darasa la kwanza washawishi kwa mdomo na kwa michoro, la pili waandike sentensi moja yenye "kwa sababu", la tatu aya moja, la nne barua nzima. Mtoto akichelewa hatua moja, mwache hapo alipo.

Kipindi cha kwanza nianze na nini?

Usianze na daftari. Watoe nje. Chora mstari chini kwa kijiti kisha uliza swali ambalo halina jibu la mwalimu: embe tamu ni lipi, bichi lenye chumvi na pilipili au bivu? Wanaopenda bichi wasimame huku, wanaopenda bivu kule. Kila upande unatoa msemaji mmoja mmoja. Masharti ni mawili tu: sentensi iwe na "kwa sababu", na sababu iliyokwishasemwa isirudiwe. Anayeona amekubali maneno ya wenzake anavuka mstari.

Hapo kwenye kuvuka ndipo somo lilipo. Mtoto akivuka, simamisha mchezo na umuulize: "Maneno gani yamekuvusha?" Mmoja atakwambia amevuka kwa sababu rafiki yake yuko kule, na hilo nalo ni jibu la kweli, cheka naye. Mwingine atasema: "Amesema embe bivu linachafua shati la shule, na mama ananichapa." Sentensi hiyo ikumbuke neno kwa neno. Mkirudi darasani iandike ubaoni, kisha uliza darasa: kwa nini hii ilivusha watu na ile ya "embe bichi ni tamu sana" haikumvusha hata mmoja? Watakwambia wenyewe, kwa maneno yao, na kipindi cha dakika 40 kitakuwa kimeisha bila kalamu kushikwa. Andalio la somo liandike hivyo hivyo; mkaguzi akiuliza daftari ziko wapi, mwoneshe ubao.

Sababu zao zote ni "kwa sababu nataka" au "kwa sababu ni nzuri". Nifanyeje?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote.

Tazama barua ya aina ambayo utaipata ukiwaambia tu watoto wa darasa la tatu wamwombe Mwalimu Mkuu mpira:

"Mwalimu Mkuu tunaomba mpira. Kwa sababu tunapenda mpira. Kwa sababu mpira ni mzuri. Kwa sababu hatuna mpira. Asante."

Kisarufi unaweza kuirekebisha mpaka jioni, bado haitaleta mpira. Ina "kwa sababu" tatu na zote ni za watoto. Mwalimu Mkuu hayumo ndani ya barua hii ila kwenye neno la kwanza.

Sasa funga daftari na uchore safu tatu ubaoni: Mwalimu Mkuu anapenda nini? Anaogopa nini? Kinamsumbua nini? Utashangaa watoto wanavyomjua. Anapenda kengele ikilia watu wote wawe darasani. Anaogopa mtoto kugongwa na bodaboda pale getini. Kinamsumbua mawe yanayorushwa kwenye mwembe wakati wa mapumziko, maana yanatua kwenye paa la ofisi. Ukishapata orodha hiyo, uliza swali moja: mpira ungesaidia lipi kati ya haya? Halafu waandike upya. Kazi ya pamoja ya darasa inaweza kutoka hivi:

"Shikamoo Mwalimu Mkuu. Sisi wanafunzi wa darasa la tatu tunaomba mpira mmoja. Wakati wa mapumziko tunarusha mawe kwenye mwembe kwa sababu hatuna mchezo mwingine. Juzi jiwe lilianguka kwenye paa la ofisi na wewe ukatoka nje. Tukipata mpira tutacheza uwanjani, mbali na ofisi. Kengele ikilia, kiranja ataurudisha mpira kwa mwalimu wa zamu."

"Kwa sababu" imebaki moja. Mawe yaliyokuwa aibu ya darasa yamegeuka kuwa sababu yenye nguvu kuliko zote, kwa kuwa msomaji aliyasikia kwa masikio yake. Sentensi ya mwisho inajibu wasiwasi ambao Mwalimu Mkuu hajautamka, kwamba mpira utapotea. Hakuna neno gumu hata moja. Maneno yote haya mtoto wa darasa la tatu anayo.

Kuna jaribio dogo la kufanya na barua yoyote: ziba jina la anayeandikiwa. Kama barua ingeweza kutumwa kwa mama, kwa Mwalimu Mkuu au kwa konda wa daladala bila kubadilisha neno, sababu zake bado ni za mwandishi.

Na konda ni mfano mzuri wa zoezi la pili kwa shule za mijini. Watoto wa Dar es Salaam wanajua kusukumwa mlangoni kwa kuwa nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima. Waulize: utamwambia konda nini? Wa kwanza watasema "tuhurumie". Uliza tena, konda anataka nini? Anataka hela na gari liondoke haraka. Mmoja atafikiria: "Tutapanga foleni na kushika hela mkononi, tusikucheleweshe." Tayari anaandika kwa ajili ya konda.

Niwape muundo gani?

Walimu wa Marekani hupenda kufundisha kwa picha ya baga au kwa jina la biskuti ya Oreo: maoni, sababu, mfano, maoni tena. Unasaidia siku za mwanzo. Ubaya wake ni kwamba mtoto anajifunza kujaza nafasi. Utapata barua tisini zenye mkate juu na mkate chini, katikati hamna kitu.

Mimi napendelea maswali manne yanayokaa pembeni ya ubao wiki nzima: Unamwandikia nani? Unaomba nini hasa? Kwa nini yeye akubali? Wewe utafanya nini akikubali? Mtoto akijibu kila swali kwa sentensi moja au mbili ana barua. Swali la nne walimu wengi hulisahau, na ndilo linalowafanya wazazi watabasamu wanaposoma.

Mada zipi zinafaa?

Achana na "umuhimu wa elimu", "tutunze mazingira" na "mjini na kijijini wapi ni bora". Mbili za kwanza hazina mpinzani. Hakuna anayesimama kusema elimu haina maana, kwa hiyo hakuna wa kushawishiwa. Ile ya tatu watoto huirithi kutoka kwa kaka zao pamoja na majibu yake.

Mada nzuri ina mtu mwenye uwezo wa kusema ndiyo, na jambo lenyewe linawezekana. Kumwomba mama ukumbi wa kompyuta ni kumtesa mtoto na mama. Kuwaomba wazazi wa darasa walete madumu matupu ya lita 5 ili kutengeneza kibuyu chirizi karibu na choo, hilo linawezekana: dumu, kamba, kijiti cha kukanyagia, sabuni iliyotobolewa na kuning'inizwa. Kumwomba dereva wa bodaboda apunguze mwendo mbele ya shule. Kumwomba dada mkubwa azime redio saa ya kusoma. Kumwomba Mangi wa dukani asiwauzie watoto pipi asubuhi kabla ya kengele. Hii itazua vita darasani, na vita hiyo ni nzuri, maana nusu ya darasa wataandika barua ya kumwomba aendelee kuuza.

Uji ni mada ya moto kwenye shule ambazo wazazi huchangia chakula cha mchana. Nenda nayo kwa uangalifu. Kuna watoto ambao kwao mchango umeshindikana, na barua ya darasa isigeuke kidole cha kuwanyooshea.

Waandike barua au insha?

Barua. Insha haina anwani. Barua rasmi yenye anwani mbili na "YAH" iache ije madarasa ya juu. Kwa sasa salamu, mwili wa barua na jina la mwandishi vinatosha. Bango nalo linafaa kwa wale ambao mwandiko bado ni mzito: picha kubwa, sentensi moja ya ombi, sentensi moja ya sababu.

Hatuwafundishi ubishi? Mtoto akishajua kutoa sababu, atanijibu mimi.

Wazazi huuliza hivi kwa kicheko, lakini wasiwasi wao ni wa kweli. Kwetu mtoto hamwelekezi mkubwa la kufanya.

Ila tuna utaratibu wetu wa mdogo kumshawishi mkubwa, na ni wa kale. Fikiria risala. Siku ya mahafali mtoto anasimama mbele ya mgeni rasmi, anamkaribisha, anamshukuru, anataja mafanikio ya shule, kisha kwa sauti ile ile ya heshima anafika kwenye changamoto: matundu ya vyoo, madawati, nyumba za walimu. Huo ni ushawishi mtupu, na hakuna aliyewahi kumwita msomaji wa risala mbishi. Kasoro ni kwamba risala huandikwa na mwalimu wa taaluma usiku, mtoto akapewa aisome. Waachie watoto wa darasa la nne aya moja tu ya risala hiyo, ile ya changamoto. Wataandika mambo ambayo watu wazima tulikuwa tumeshayazoea.

Adabu yenyewe ipo ndani ya sarufi, na unaweza kuifundisha kama sarufi. "Nataka unipe" si "naomba unipe". "Leteni madumu" ni amri, "tunaomba mtuletee madumu" ni ombi. Waandikie ubaoni sentensi tano za amri na uwaachie wazigeuze ziwe maombi. Kwenye vitenzi vingi irabu ya mwisho itageuka kutoka "a" kwenda "e" (soma, usome), na sauti ya barua nzima itageuka nayo. Sijaona zoezi la sarufi ambalo watoto hulielewa manufaa yake haraka kama hilo.

Na mtoto mwenye njia ya kusema sababu zake hupunguza kununa. Wazazi wajaribu waone.

Ngonjera ina nafasi hapa?

Ina nafasi kubwa, na inasikitisha inavyokumbukwa siku ya mgeni tu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mshairi Mathias Mnyampala na wenzake wa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi Tanzania, waliieneza ngonjera kama njia ya kufundisha watu siasa ya wakati ule. Umbo lake linatufaa: watu wawili au zaidi wanajibizana kwa beti, mmoja anapinga, mwingine anaeleza, na mwishoni aliyepinga anakubali. Kwa mtoto huo ni ushawishi unaoonekana kwa macho. Anamwona mtu akibadilika.

Chukua ngonjera yoyote fupi inayojulikana shuleni kwenu. Waigize. Kisha uliza: ni ubeti gani hasa uliomgeuza yule mpinzani? Mara nyingi watagundua kwamba hakuna, kageuka tu kwa kuwa ngonjera imeisha. Ugunduzi huo ni mali. Waambie watunge ubeti ambao kweli ungemgeuza. Mizani na vina usivikazanie hapa.

Makosa gani ya lugha niyatarajie?

La kwanza ni "kwasababu" kuandikwa neno moja, likifuatiwa na ndugu yake "kwahiyo". Waandikie ukutani kwa herufi kubwa: kwa sababu, kwa hiyo, kwa kuwa. La pili ni kuanza sentensi na "Kwa sababu" na kuiacha ikining'inia, kama kwenye barua ya mpira. Njia rahisi ni kumsomea mtoto sentensi hiyo peke yake na kunyamaza. Atakutazama akisubiri uendelee. "Hata mimi nasubiri," mwambie.

La tatu ni "alafu". Kwanza inakosa "h", pili inatumika kuunga kila kitu, maana ndiyo kiunganishi cha masimulizi na masimulizi ndiyo waliyoyazoea. Katika ushawishi viunganishi vingine vitatu vinatosha kwa mwaka mzima: "ndiyo maana", "tuki-" ya masharti (tukipata, tukicheza) na "lakini". Orodha ndefu ya viunganishi iliyonakiliwa daftarini haimsaidii mtoto wa umri huu.

Je, nihimize methali na misemo?

Kwa kiasi. Kenya hasa, ambako insha ina heshima kubwa, mtoto hufundishwa mapema kupamba: tashbihi, methali, mianzo iliyokaririwa. Kwenye masimulizi mapambo hayo yana mahali pake. Kwenye barua ya kuomba mpira, "umoja ni nguvu" haimwambii Mwalimu Mkuu chochote kuhusu mpira. Kanuni ninayotumia: methali iingie baada ya sababu, kamwe isiingie badala yake. Mtoto akianza barua kwa methali, muulize, "Na hiyo inamhusu vipi?" Mara nyingine ana jibu zuri. Basi alikuwa na sababu na hakuiandika, sasa aiandike.

Darasani kwangu Kiswahili ni lugha ya pili kwa watoto wengi. Wataweza?

Wataweza, ukiruhusu mawazo yaje kabla ya maneno. Mtoto anayeongea Kisukuma, Kigogo au Kimaasai nyumbani ana sababu zote anazohitaji. Kinachompungukia ni maneno ya kuzibeba. Kwenye mchezo wa mstari mwache amnong'oneze jirani kwa lugha ya nyumbani, kisha waitafute sentensi ya Kiswahili pamoja. Mpe mianzo ya sentensi iliyokwisha kuandikwa: "Tunakuomba...", "Ukikubali...", "Tunajua kwamba wewe...". Huo wa tatu ni mdogo lakini unamlazimisha kumfikiria msomaji.

Usimsahihishe katikati ya kuzungumza. Akisema "mpira wangu imepotea" mbele ya wenzake na ukamkatiza kwa ngeli, sababu yake inayofuata hutaisikia tena.

Nina watoto zaidi ya tisini. Haya yote yanawezekana?

Si yote. Mchezo wa mstari unawezekana na unapendeza zaidi watu wakiwa wengi. Safu tatu za ubaoni zinawezekana. Barua 90 za mtu mmoja mmoja kila wiki haziwezekani, na anayekwambia zinawezekana hajawahi kubeba daftari 90 nyumbani.

Fanya hivi: dawati moja, barua moja. Wanaokaa pamoja wanaandika pamoja, mmoja akishika kalamu na wengine wakisema, na wiki inayofuata kalamu inahama. Utabaki na barua kama 25 au 30. Chagua mbili uzisome kwa sauti, moja iliyofanikiwa na moja iliyokaribia, bila majina. Mazungumzo ya zile mbili yatafundisha darasa zima kuliko wino mwekundu kwenye zote.

Nisahihishe nini?

Kitu kimoja kwa kila barua, na cha kwanza kiwe: sababu ni ya nani? Weka duara kwenye sababu ya mwandishi, pigia mstari sababu ya msomaji. Hakuna alama wala asilimia. Mtoto akipata daftari lenye maduara matupu anajua la kufanya. Tahajia isubiri nakala safi, ile itakayokwenda kweli kwa mwenyewe, na hapo uwe mkali: Mwalimu Mkuu hapelekewi "kwasababu".

Wanaongeza chumvi: "Tusipopata mpira tutakufa." Nicheke au nikemee?

Cheka, kisha wapeleke stendi. Kila mtoto amemsikia muuza dawa mwenye kipaza sauti ambaye chupa yake moja inatibu mgongo, macho, nguvu na mkosi wa biashara. Muulize mtoto: mama yako aliinunua? Kwa nini hakuinunua? Watoto watakwambia kwamba dawa inayotibu kila kitu haitibu kitu. Warudishe kwenye "tutakufa". Matangazo ya sabuni na juisi ya redioni yanafaa vivyo hivyo: neno gani hapa ni la kweli, lipi ni chumvi?

Ukiwaacha waone kwamba uongo unashusha nguvu ya barua, wataupunguza bila hotuba ya maadili.

Upande wa pili waanze kuujibu lini?

Darasa la nne, kwa sentensi moja tu inayoanza na "Tunajua" na kuwa na "lakini" katikati: "Tunajua mpira ni ghali, lakini tumekubaliana kushona wa makaratasi kama haupatikani." Usiite jambo hilo kwa jina lolote la kitaalamu. Mdahalo kamili wenye mwenyekiti na katibu ni wa madarasa ya juu.

Haya yatawasaidia kwenye mtihani?

Kwa njia ya pembeni. Kwa miaka mingi sehemu ya utungaji kwenye mtihani wa darasa la saba imekuwa ikimtaka mtoto apange sentensi zilizochanganywa ziwe habari yenye mtiririko. Chukua barua iliyofanikiwa ya darasa lako, ikate vipande vya sentensi moja moja, ichanganye na uwape waipange. Watabishana kama ombi litangulie au sababu itangulie. Zote mbili zinakubalika, ila kila mpangilio unasikika tofauti, nao watalitambua hilo. Zaidi ya hapo nisiahidi makubwa: mtihani wa kuchagua herufi haupimi kama mtoto anaweza kumshawishi mtu.

Mimi ni mzazi, si mwalimu. Naweza kusaidia vipi?

Siku moja kwa wiki, ombi la mtoto lije kwa maandishi. Liwe dogo: kulala dakika 30 baadaye Ijumaa, chapati badala ya mkate, kwenda kumwona shangazi. Wewe jibu kwa maandishi pia, hata kwenye kipande cha boksi la chai. Wanaoishi Muscat, London au Minnesota na wanahangaika watoto wasipoteze Kiswahili watapata faida mara mbili, kwa sababu mtoto akiwa na ombi lake mwenyewe hutafuta maneno asiyoyajua bila kusukumwa. Babu na bibi walioko nyumbani ni wasomaji bora. Sauti ya WhatsApp ikitoka kwa bibi kujibu barua, utaona.

Usimwandikie. Barua iliyonyooka mno mwalimu anaijua tangu salamu.

Mwalimu Mkuu akikataa je?

Zungumza naye kabla barua haijaenda. Usimwombe akubali, mwombe ajibu, na ajibu kwa sababu. "Hapana, fedha ya michezo imekwisha mpaka Julai" ni jibu ambalo darasa linaweza kulifanyia kazi. Isome mbele yao, rudi kwenye zile safu tatu za ubaoni, ongeza alichosema, na waulize wanaomba nini sasa. Wengine wataandika tena wakiomba mwezi Julai. Wengine watamwacha na kumwandikia mwenyekiti wa kamati ya shule. Wachache watasema hawaandiki tena, na hao uwape kazi ya kuupamba ubao wa matangazo ambapo barua zote na majibu yake zitabandikwa, yakiwemo ya hapana. Kama Mwalimu Mkuu hana nafasi ya kuandika, apite darasani dakika 5 ajibu kwa mdomo. Barua ikikaa mezani kwake wiki tatu bila neno, darasa halitakuandikia ya pili.